Bastola ya Mkono wa Kushoto

Mswahili akisikia nina bastola, swali lake la kwanza huwa ni moja: unamwogopa nani? Simlaumu. Nimekulia Tanga, na bastola kwetu ilikuwa kiunoni mwa askari au kwenye droo ya tajiri mwenye kituo cha mafuta. Mtu wa kawaida haikumhusu. Kwa hiyo nikieleza kwamba yangu ni ya kutoboa karatasi Jumamosi asubuhi, kisha narudi nyumbani kula chapati, mazungumzo hukwama. Shemeji yangu, anayeishi mtaa wa pili hapa hapa Columbus, jimbo la Ohio, alinitazama kwa muda kisha akauliza, "Sasa shemeji, hiyo karatasi imekukosea nini?"

Mchezo wenyewe ni wa kizamani na una ukaidi wake. Unasimama wima, bastola mkono mmoja, mkono wa pili mfukoni au kwenye mkanda ili usishawishike kusaidia. Karatasi iko yadi 50 mbele, mita 46 kasoro kidogo, na duara la pointi kumi lina upana wa sentimita 8 na nusu tu. Hapo unapewa dakika 10 kwa risasi 10. Halafu inakuja zamu ya yadi 25: risasi 5 kwa sekunde 20, mara mbili, kisha risasi 5 kwa sekunde 10, mara mbili. Hizo sekunde 10 ndizo zilizoisukuma rivolva pembeni katika mchezo huu, maana ukitaka triga nyepesi ya rivolva inabidi urudishe nyundo kwa dole gumba kila risasi, wakati bastola ya nusu-otomatiki inajikoki yenyewe kwa nguvu ya risasi iliyotangulia. Mashindano kamili hupigwa kwa zamu tatu: .22, kisha risasi kubwa zaidi, ya aina yoyote inayoruhusiwa, kisha .45. Kila zamu risasi 90, na jumla ya pointi ni 2700. Mwaka 1974 Hershel Anderson alipata 2680. Katika risasi 270, kwa mkono mmoja, pointi zilizompotea ni 20. Nikiikumbuka hesabu hiyo huwa naacha kulalamikia upepo.

Aliyenipeleka kwenye klabu ya mchezo huu ni mfanyakazi mwenzangu wa ghalani, na aliyenifundisha ni mzee mmoja mwanachama wa klabu, fundi wa kuchonga vyuma aliyestaafu, mtu ambaye maisha yake yote alipima vitu kwa sehemu za elfu za inchi. Klabu ina kabati la chuma lenye bastola za kuazimisha wageni. Nilidhani ataniuliza nina hela kiasi gani, au nimesikia sifa za aina ipi. Badala yake alinirushia tambara la kusafishia, nikalidaka kwa kushoto.

"Basi," akasema, "zilizobaki humu kabatini ni nusu."

Nina shoto. Bibi yangu, Mungu amrehemu, aliupiga vita mkono huo kwa miaka. Kula kwa kushoto ilikuwa aibu ya ukoo mzima. Kuandika kwa kushoto, mwalimu akamalizia kazi ya bibi. Matokeo yake naandika kwa kulia, nakula kwa kulia, na kila kinachotaka ustadi wa kweli, sindano, nyundo, jiwe la kuangulia embe, nakifanya kwa kushoto. Katika Jeshi la Kujenga Taifa, nilikokwenda kwa mujibu wa sheria baada ya kidato cha sita, afande aliihamishia bunduki yangu ya SMG bega la kulia bila maelezo, na kwa bunduki ile alikuwa na haki: maganda yanatoka upande wa kulia, ya moto, na mpigaji wa kushoto yanampita mbele ya uso. Bastola ni hadithi nyingine. Hiyo unaishika mbali na uso, na kazi yote iko kwenye kidole kimoja. Fundi ndiye aliyenisimulia habari za Károly Takács, askari wa Hungaria ambaye guruneti liliuharibu mkono wake wa kulia mwaka 1938. Alijifunza upya kwa kushoto, akachukua dhahabu ya bastola kwenye Olimpiki ya London mwaka 1948, akairudia Helsinki mwaka 1952. Bibi yangu angekutana na Takács mezani, sijui nani angemshinda nani.

Sharti la fundi lilikuwa nisinunue chochote mpaka msimu uishe. Nipige zote za kabatini, na za wanachama watakaokubali kuniazima, niweke karatasi zangu kwenye faili na kuandika pembeni bastola gani, risasi gani, hali ya hewa gani. Kwa mtu mwenye hamu lilikuwa sharti gumu, lakini ndilo lililonisaidia kuliko vitabu. Mkono una maoni yake, na hayaji siku ya kwanza. Bastola unayoipenda dukani, ukiishika dakika tano, inaweza kukuchosha kiganja ukifika risasi ya arobaini.

Siku moja ya mvua, uwanja umefungwa, alifungua bastola mbili mezani ili nione usahihi unakaa wapi. Ya kwanza ilikuwa 1911, ile .45 aliyoibuni John Browning na jeshi la Marekani likaipokea Machi ya mwaka uliokuja kuwa jina lake. Mtutu wake haukai mahali pamoja. Risasi ikilipuka, mtutu na slaidi vinarudi nyuma pamoja vikiwa vimeshikana kwa meno. Kisha kiungo kidogo chini ya mtutu kinaushusha, meno yanaachana, slaidi inaendelea peke yake na kutema ganda. Ikirudi mbele inachukua risasi nyingine, mtutu unapanda, meno yanashikana tena, na kila kitu kinatakiwa kukaa pale pale kilipokuwa. Hiyo "pale pale" ndiyo inayouzwa ghali. Bastola ya vitani ilitakiwa ifanye kazi ikiwa na matope, kwa hiyo kulegea kidogo kulikuwa sifa yake. Ya mashindano lazima fundi aijaze na kuichonga, mdomoni mwa mtutu na kwenye yale meno, mpaka mtutu urudi nyumbani kwake bila kusita. Na kilengeo cha nyuma kiko juu ya slaidi, siyo juu ya mtutu, kwa hiyo slaidi nayo isicheze. Alinipa slaidi ya 1911 ya kawaida niitikise ikiwa kwenye fremu yake, ikalia. Akanipa yake ya mashindano. Kimya.

Ya pili ilikuwa Ruger ya .22. Risasi ya .22 ina nguvu ndogo, haihitaji kufungwa kwa meno wala viungo. Uzito wa boliti na springi vinatosha kuizuia kwa ule muda mfupi unaohitajika. Kwa hiyo mtutu umekazwa moja kwa moja kwenye mwili wa bastola na hauondoki. Kinachokwenda na kurudi ni boliti tu, ndani ya bomba. Vilengeo vyote viwili, cha mbele na cha nyuma, viko kwenye chuma kimoja na mtutu. Smith & Wesson Model 41, iliyoingia sokoni mwaka 1957 na ambayo wazee wa klabu huishika kama watu wanaoshika mtoto wa mwenyewe, imeundwa kwa njia nyingine lakini inafika pale pale: kilengeo cha nyuma kimepandishwa juu ya ulimi unaotoka kwenye mtutu, slaidi inapita chini yake. Hii ndiyo siri ya .22 za kulengea shabaha. Usahihi ambao kwenye .45 unaulipia kwa kazi ya mikono ya fundi, kwenye .22 unakuja na umbo lenyewe.

Ndipo nikauliza swali ambalo kila mtu huuliza: ipi basi ndiyo sahihi kuliko zote? Fundi hakujibu. Alichukua kalamu akaniwekea hesabu ambayo hadi leo naibeba kichwani. Kati ya kilengeo cha mbele na cha nyuma kuna sentimita 20 hivi. Ukishika bastola kinundu cha mbele kikiwa kimehama milimita moja tu ndani ya ufa wa nyuma, basi kwa yadi 25 risasi inakwenda sentimita 11 na nusu kando ya ulipotaka. Hiyo ni saba, siyo kumi. Kwa yadi 50 ni sentimita 23, na hapo unapewa tano. Lakini ukivilinganisha vilengeo sawasawa na mkono mzima ukayumba milimita hiyo hiyo moja pembeni, bastola ikiwa imenyooka, risasi nayo inahama milimita moja. Yaani kuyumba kwa mkono, ambako kila mgeni anakuogopa, ni dhambi ndogo. Dhambi kubwa ni kuipinda bastola. Na kinachoipinda ni kidole kinachovuta triga.

Akaongeza kwamba bastola ya .22 ya bei ya kawaida, ukiifunga kwenye mashine na kuilisha risasi inazozipenda, aghalabu itaweka zote ndani au karibu kabisa na duara la kumi kwa yadi 50. Ya bei mara tatu itaziweka kwenye nusu ya duara hilo. Mimi, kwa yadi hizo, wakati ule nilikuwa natapakaza karatasi nzima. Kwa hiyo nilikuwa nauliza tofauti ya mitutu wakati tofauti iliyonihusu iko kwenye triga na kwenye mpini.

Triga nzuri haina maana ya triga nyepesi tu. Kanuni inataka ya .22 iweze kubeba paundi 2, gramu 900 hivi, na kabla ya mashindano makubwa wanaipima: bastola inaelekezwa juu, msimamizi ananing'iniza kipande cha chuma kwenye triga kwa fimbo yenye kulabu, unakiinua kutoka mezani. Nyundo ikianguka, hupigi. Ndani ya hizo paundi 2 kuna triga za kila tabia. Ipo inayotambaa, unaivuta na kuisikia ikikwaruza, hujui itaachia lini, na kwa hofu unaimalizia kwa nguvu. Ipo inayoachia safi lakini kisha inaendelea kurudi nyuma na kukisindikiza kidole, na bastola inaitikia. Niliyokuja kuipenda ina hatua mbili: inarudi kidogo kwa ulaini mpaka mahali inapokutana na ukuta, inasimama, na ukiongeza uzito kidogo inakatika bila taarifa. Fundi alinifanya nizivute zote, bila risasi, macho nimefumba, huku yeye ameweka kidole chake juu ya slaidi kusikia kama naisogeza. Alikuwa anaguna tu. Kwa Model 41 aliguna mara chache kuliko kwa nyingine zote, na karatasi zangu zikaja kusema vile vile. Ile ndiyo bastola niliyoipiga vizuri kuliko zote msimu ule, niseme kweli, na siyo niliyoinunua.

Mwanachama mmoja aliniazima Pardini, ya Italia, ambayo utaiona mikononi mwa wapigaji wengi wa Olimpiki. Mtutu umekaa chini sana karibu na mkono, hivyo ikipiga hairuki juu bali inarudi nyuma moja kwa moja. Triga yake unairekebisha kila upande. Mpini wake ni wa mbao, umechongwa kufuata kila kidole. Kidole cha mkono wa kulia. Niliishika kwa kushoto ikawa kama kuvaa kiatu cha mguu mwingine. Mipini ya kushoto ipo, unaiagiza, unasubiri, kisha siku ukitaka kuiuza bastola hiyo unamtafuta mwenye shoto mwenzako. Bastola ya High Standard ya kabatini nayo ilikuwa imewekewa mpini wenye kibao cha kulalia dole gumba, upande usio wangu. Mtu wa kulia hayaoni mambo haya. Yeye anaingia dukani anauliza bei.

Ruger karibu haina upande. Mpini wake mwembamba, sawa kulia na kushoto. Boliti ina masikio mawili nyuma, unaivuta kwa mkono wowote. Na Mark II, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1982 mpaka ilipopisha Mark III, ina kitu ambacho wengi wanakiona kasoro: kitasa cha kutolea magazini kiko chini kabisa, kwenye kisigino cha mpini. Wenye haraka hawakipendi. Kwenye mchezo wetu hakuna haraka ya kubadilisha magazini, na kitasa kilicho katikati hakimjui mwenye shoto wala asiye na shoto. Nikaipata iliyotumika, mtutu mnene wa inchi 5 na nusu, kwa muuzaji mwenye leseni. Nilijaza fomu ya 4473, nikaandika namba ya grini kadi, akapiga kuuliza serikali kama nina rekodi, jibu likarudi safi. Nyumbani mke wangu, Mama Amina, alikuwa ameshaweka masharti yake kabla hata sijaondoka: sefu iwe imefungwa ukutani kwa bolti, risasi zikae chumba kingine, na funguo asizijue mtoto yeyote. Hata mgeni asijue kama kuna kitu.

Triga iliyokuja nayo ilikuwa ya wastani. Fundi akanisaidia kuibadilisha kwa vipande vya kampuni ya Volquartsen, tukaipima na kile chuma cha paundi 2, ikabeba. Jumla ya gharama, bastola na vipande, haikufika nusu ya Model 41. Hela iliyobaki ilikwenda kwenye risasi, na hapo ndipo wapigaji wengi wanapobana pasipostahili.

Maana .22 ina ladha zake. Tulikaa mezani, mimi na Fundi, bastola imelazwa juu ya mfuko wa mchanga, karatasi mpya kwa kila boksi, risasi kumi kumi. Boksi la kwanza, za kasi kubwa, za kununua kwa ndoo, zilitawanyika upana wa kiganja kilichofunguliwa. La pili, za bei ya juu kutoka Uingereza, zilikaa vizuri lakini mbili zikatoroka. La tatu lilikuwa CCI za kasi ya wastani, boksi linasema futi 1070 kwa sekunde ingawa kipimo hicho ni cha mtutu mrefu wa bunduki, na zile zikaingia zote kwenye shimo moja lenye kingo zilizochanika, ambalo ningeweza kulifunika kwa kizibo cha soda. Bastola ya jirani, Ruger vile vile, ilipenda za Uingereza. Hakuna anayeweza kukuambia kabla hujajaribu. Jambo jingine ambalo sikulijua: ukibadilisha aina ya risasi usihukumu zile za mwanzo, maana kila aina ina nta au mafuta yake, na mtutu unahitaji kupakwa upya na hayo kabla haujatulia. Risasi zilizopendwa na bastola yangu zinauzwa kwa bei ya kati. Ningenunua Model 41 bila kufanya zoezi lile ningekuwa na mtutu bora unaolishwa chakula kibaya.

Kasoro ya Mark II nimeshaitaja kwa utani kwa kila anayenisikiliza: kuifungua ni rahisi, kuirudisha ni mtihani. Kuna kijiti kinachoning'inia nyuma ya nyundo ambacho lazima kikae mahali pake, na kukaa kwake kunategemea umeielekeza bastola juu au chini wakati gani. Ruger walilimaliza tatizo hilo mwaka 2016 kwa Mark IV, unabonyeza kitufe kimoja tu inafunguka. Anayenunua mpya leo achukue hiyo. Ukoo ni mmoja: William Ruger na Alexander Sturm walianza kampuni mwaka 1949 kwa bastola ya .22 ya dola 37 na senti 50, umbo lake likiwakumbusha watu Luger ya Wajerumani, na tangu hapo wameendelea kuitengeneza kwa mabadiliko madogo.

Macho yangu yamevuka miaka hamsini, na hilo nalo liliingia kwenye uchaguzi. Vilengeo vya chuma vinataka jicho litazame kinundu cha mbele, kiwe kikali, huku karatasi ikififia. Mtu wa makamo anajua kinundu kilicho umbali wa mkono kinavyokataa kuwa kikali. Wasweden wa Aimpoint walileta nukta nyekundu sokoni mwaka 1975, na wapigaji wa bastola walikuja kuichukua kwa wingi: unatazama karatasi kwa macho yako ya kawaida, nukta inaelea juu yake, hakuna vitu viwili vya kulinganisha. Niliifunga. Wiki za kwanza nilitamani kuitupa. Nukta haitulii. Inacheza juu ya karatasi kama ina wazimu, na unajikuta unaikimbiza, unasubiri ipite katikati ili uvute haraka, na ukivuta haraka unaipinda bastola. Fundi alisema nukta haijaongeza kuyumba hata kidogo, imenionyesha tu kuyumba nilikokuwa nako siku zote. Dawa ni kuiacha icheze ndani ya doa jeusi na kuendelea kuvuta polepole. Inasemwa kwa sentensi moja, na mimi bado nafanyia kazi.

Shemeji, baada ya kuicheka karatasi, alikuja uwanjani, akapiga, na Jumatatu yake alikuwa ananipigia simu kazini. Anataka kununua. Anataka Glock ya milimita 9, kwa sababu ndiyo anayoijua jina.

"Shemeji, Glock ni bastola nzuri," nikamwambia. "Jeshi la Austria liliichukua mwaka 1982, halikufanya mzaha."

"Sasa?"

"Sasa ipime. Bila risasi ina gramu 700 hivi. Triga yake inataka paundi 5 na nusu, kilo 2 na nusu. Kidole chako kinavuta kwa nguvu mara tatu na zaidi ya uzito wa kitu chenyewe. Na unataka kisisogee."

Alinyamaza. Yangu, nikamweleza, ina kilo 1.2 hivi, na triga haifiki kilo moja na nusu hata ukiwa na wasiwasi. Hicho ndicho kipimo ningempa mtu yeyote aingiaye dukani bila kujua pa kuanzia: uzito wa triga usipite uzito wa bastola, au upite kidogo tu. Wanaopiga Glock kwa usahihi wapo, nimewaona, lakini walifika hapo kwa maelfu ya risasi. Na risasi moja ya milimita 9 inanunua kadhaa za .22. Halafu kuna teke. Milimita 9 inamfundisha mgeni kufumba macho na kuisukuma bastola chini kabla haijalia, na tabia hiyo ikishaingia kuiondoa ni kazi ya mwaka. Shemeji alikubali nusu. Alinunua Browning Buck Mark ya .22, akasema Glock itafuata. Ana mkono wa kulia, kila kitu kwake ni chepesi.

Kila majira ya joto hapa Ohio watu hukusanyika Camp Perry, ukingoni mwa Ziwa Erie, karibu na mji wa Port Clinton, kwa mashindano ya taifa ambayo yamekuwa yakifanyika pale tangu mwaka 1907. Upepo wa ziwa hauna adabu. Unauona kwenye bendera, unausikia kwenye kiwiko. Nilikwenda kwanza kama mtazamaji, nikapita nyuma ya mstari nikisoma bastola moja moja. Brian Zins, askari wa majini aliyetwaa ubingwa wa taifa mara 12, sikumwona, lakini karibu kila niliyemtazama alikuwa na ule mpangilio ule ule: .22 moja, na .45 moja inayotumika zamu mbili za mwisho, kwa kuwa kanuni inairuhusu kwenye zamu ya kati pia. Bastola mbili, siyo tatu. Hilo peke yake limeokoa ndoa nyingi.

Na .45 ndilo swali langu la sasa. Fundi anasema nisubiri mpaka .22 inipe pointi 800 kati ya 900 bila kubahatisha. Kabla ya hapo .45 itanifunza woga tu. Wakati huo huo ameanza kunionyesha yake. Risasi zake anazijaza mwenyewe kwa baruti kidogo, na kwa sababu ya hizo ameondoa springi ya kawaida ya paundi 16 akaweka ya paundi 12, vinginevyo slaidi haifiki nyuma na ganda linanasa. Kitasa cha usalama ameniahidi anaweza kukiweka pande zote mbili. Nilimuuliza kama akinichongea moja kwa mkono wangu itachukua muda gani. Akasema ana foleni, ya watu wa kulia watupu, na mtutu wenyewe lazima niununue kwanza.